Nyumba Tisini za Uru

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa namenya ndizi. Mwalimu Mapunda, aliyetufundisha takwimu chuoni Moshi, amefariki kwao Songea, na mazishi ni Jumamosi. Nilikaa palepale kwenye kigoda na kisu mkononi, nikalia, na katikati ya kilio nikaanza kucheka. Binti yangu akaja mbio kutoka uani. "Mama, unalia au unacheka?" Nikamwambia vyote viwili, aniache. Wenzangu tuliosoma pamoja walikuwa wameshaanza kuandika kwenye kundi letu la simu yale yanayoandikwa mtu akifa: alikuwa baba kwetu, alikuwa mpole, hakuwahi kumkasirikia mwanafunzi. Hakuwahi kukasirika? Jamani! Mapunda huyu ninayemjua mimi? Mtu aliyenitoa darasani kwa sababu nimesema "karibu wote" badala ya kutaja idadi? Marehemu hasemwi vibaya, sawa, lakini kumsingizia upole nako ni dhambi. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na ndiye aliyenifanya mtu. Kwa hiyo nataka niueleze mwaka ule mmoja, mwaka wangu wa pili chuoni, kabla hawajammaliza kwa sifa zisizo zake. Habari za nilivyozaliwa na nani alikuwa baba yangu hazina kazi hapa. Inatosha ujue kwamba mimi ni wa Uru, kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kwamba nafasi ile ya chuo niliipata baada ya kuomba mara tatu. Ya nne isingekuwepo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kila kitu kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda vijijini na mizani yao, mitumba imejaa mjini, na kila mwenye akili zake alitaka kusomea biashara. Mimi nami nikasomea biashara. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya biashara kuna takwimu; ningejua, labda ningeomba upishi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili: vitanda viwili, meza moja, na dirisha ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kimezibwa kwa boksi la sabuni. Nilikaa na Aikande, Mlutheri wa Machame, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya korongo. Tulianza kutaniana siku ileile tuliyokutana. Yeye alisema Wakatoliki wa Uru tunajua kuimba na kunywa mbege ya ndizi, basi. Mimi nikamwambia Wamachame wanasali kwa kelele ili Mungu asisikie wanavyopanga bei. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa, kinyume cha sheria, tukilificha ndani ya ndoo ya kufulia, na Jumamosi mchana tulipika mtori mzito wa ndizi na nyama mpaka korido nzima inajua. Matroni akija kugonga, tulimpa bakuli lake, akala amesimama, akaondoka na sheria zake.

Mtihani wa kwanza wa takwimu nilipata saba kwa mia. Mapunda alikuwa na tabia ya kugawa karatasi akianzia na aliyeshindwa zaidi, na siku hiyo jina la kwanza lilikuwa langu. "Yustina, saba," akasema, akiniangalia juu ya miwani. "Mtu akibahatisha tu anapata zaidi ya hapo. Hii ni kazi ya mtu aliyefikiri." Darasa zima likaangua kicheko, na Aikande, rafiki yangu wa damu, akacheka kuliko wote. Nilirudi chumbani nikafunga begi. Nilikuwa nimeshafika kwenye zipu Aikande alipoingia na sahani mbili za ugali na maharage kutoka bwaloni, akakalia begi langu, akaanza kula. "Kula kwanza," akasema. "Huwezi kushuka stendi na njaa. Watasema Wamachame wamekunyima." Nikala. Nikishakula huwa sina tena hasira ya kusafiri.

Wiki iliyofuata Mapunda aliingia darasani na debe la maharage, mekundu na meupe, akalitua mezani kwa kishindo. Swali lake lilikuwa fupi: kati ya kila maharage mia humu, mekundu ni mangapi? Na hakuna kumwaga debe. Wavulana wakaja mbele mmojammoja, wakachota kiganja cha juu, wakahesabu, wakaandika ubaoni kwa madaha. Ilipofika zamu yangu nilikunja mkono wa sweta, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikachota chini kabisa, nikachota katikati, nikachota pembeni. Jibu langu likawa mbali na majibu ya wote. Mapunda akalimwaga debe lote juu ya gazeti, tukahesabu darasa zima, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na ukweli. "Nani kakufundisha?" akauliza. Nikamjibu, "Soko la Kwa Sadala, mwalimu. Mwenye gunia anapanga mazuri juu." Akaligeukia darasa. "Hiyo ndiyo sampuli," akasema. "Mengine yote nitakayowafundisha ni mapambo." Sijui kama naweza kueleza vizuri kilichonipata siku ile. Nilikuwa nimedhani takwimu ni lugha ya watu wengine, kumbe ni ile akili ya mama zetu ya kutokubali kudanganywa na uso wa gunia, imeandikwa tu kwa herufi za ajabu. Tangu siku hiyo nilisoma kama mtu anayedai haki yake. Wastani, mkengeuko, majedwali, vyote nilivila. Mtihani wa pili nilipata sitini na nane, na nikambandikia Aikande karatasi juu ya mto wake.

Kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake mwenyewe, na bila utafiti hakuna stashahada. Aikande alichagua wanunuzi wa kahawa. Mimi nilichagua maziwa. Akina mama wa kijiji chetu walikuwa na kikundi, wakitaka kuomba tangi la kupoozea maziwa, na wafadhili walikuwa wamewauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: kijiji kina ng'ombe wangapi, na maziwa kiasi gani? Nikasema, nitalijibu mimi. Nilichukua daftari la nyumba kwa mwenyekiti wa kijiji, nikachagua nyumba tisini kwa jedwali la namba za nasibu kama Mapunda alivyotufundisha. Na jedwali lile halina huruma! Linaruka nyumba ya shangazi yako yenye chai ya maziwa, linakupeleka ng'ambo ya mto, kwenye kilima, kwa mtu mwenye mbwa watatu. Lakini sikubadilisha nyumba hata moja. Wiki tano nilipanda na kushuka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, viatu vimejaa tope jekundu, nikiuliza swali langu la kwanza kwenye fomu: "Nyumba hii ina ng'ombe wangapi?" Walinipokea vizuri. Nilikunywa mbege ya heshima na chai ya heshima, nikala kiburu cha ndizi na maharage mpaka tumbo likakataa. Nikarudi chuoni na fomu tisini, nikajumlisha, nikagawanya, nikaandika ripoti kurasa arobaini na mbili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilipoikabidhi nilitembea kama bibi harusi.

Siku ya tatu Mapunda akaniita ofisini. Ripoti yangu ilikuwa mezani, na kando yake daftari chakavu lenye jalada la kijani. Hakuniambia nikae. "Hili ni daftari la bwana mifugo wa huko kwenu," akasema. "Miezi miwili iliyopita alichanja ng'ombe nyumba kwa nyumba. Nimechukua nyumba zako tisini, nimeziangalia humu moja baada ya nyingine. Ng'ombe wako ni karibu mara moja na nusu ya wake. Bwana mifugo alihesabu ng'ombe kwa kuwadunga sindano. Wewe uliwahesabu kwa nini?" Nikasema, "Kwa kuuliza, mwalimu." "Kumuuliza nani? Au ulikaa na kalamu yako chini ya mgomba?" Hapo nikaelewa anachosema. Mwaka uliotangulia kulikuwa na vijana wawili waliojaza fomu zao zote baa, mjini, kwa kubuni, na walipogundulika walifukuzwa. Mapunda alikuwa bado na kidonda cha jambo lile. Kupika takwimu, kwake, kulikuwa kubaya kuliko kuiba. "Sikupika," nikasema. "Naapa mwalimu, nyumba zote nilifika." Akafunga daftari. "Kiapo ni cha mahakamani. Nenda, nitakuita."

Nilitoka nikasimama kwenye korido, na kuta za chuo kile zilikuwa za mbao nyembamba. Mkuu wa idara aliingia ofisini kwa mlango wa pili, nikamsikia akisema, "Unajisumbua bure. Andika barua, binti aende kwao. Si ni hapo juu tu, hata nauli hamalizi." Nikaisikia sauti ya Mapunda, ileile kavu: "Nitakwenda kuona ng'ombe kwanza." Mkuu akacheka. "Utahesabu ng'ombe wa Wachaga wewe?" Mapunda akasema, "Kama amepika, nitamfukuza mwenyewe, kwa mkono wangu. Kama hakupika, nataka kujua nani kati yao anasema uongo, kwa sababu namba hazigombani bure." Sikungoja zaidi. Mpaka leo watu wakiniuliza uadilifu ni nini, huwa nawaeleza korido ile. Hakuwa ananitetea, tusidanganyane. Alikuwa tayari kunitupa nje. Lakini hakuwa tayari kunitupa bila kuona.

Tulipanda Uru asubuhi ya Alhamisi, mimi na yeye, kwenye pikapu ya chuo, na kuanzia kanisani tukaenda kwa miguu kwa sababu ya utelezi. Ukungu ulikuwa mzito, naye alikuwa amevaa masweta mawili na koti, analalamika kwamba baridi ya kwetu haikuumbwa kwa ajili ya binadamu. Aliichagua nyumba ya kwanza mwenyewe kwenye fomu zangu: Mzee Kimario, ng'ombe watatu. Mzee alitupokea mlangoni, nikampa shikamoo, akaitikia kwa furaha, akaagiza mbege. Mapunda hakukaa. "Mzee, naomba kuwaona ng'ombe wako," akasema. Niliona uso wa mzee ukibadilika. Kwetu huendi tu kwa mtu ukamwambia akuonyeshe mali yake, kama polisi. Lakini mgeni ni mgeni, na mzee akatupeleka nyuma, kwenye zizi. Mlikuwa na ng'ombe mmoja, anatafuna mabua, anatuangalia bila wasiwasi. "Fomu inasema watatu," Mapunda akasema. "Ni watatu," mzee akajibu. "Wawili wako wapi?" Mzee Kimario akanyooka, akawa mrefu ghafla. "Wapo," akasema. "Kijana, mimi nimekwambia ni watatu. Unaniita mwongo ndani ya kihamba changu?" Akaingia ndani, akafunga mlango, na mbege yetu ikabaki nje kwenye kata. Mapunda akanigeukia taratibu. "Yustina," akasema, "fomu inasema watatu." Nilitamani ardhi inimeze. Na mbaya zaidi nilikuwa sielewi, maana Mzee Kimario namjua tangu utoto, na si mtu wa uongo.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Firmini, mjane, korongo moja kutoka pale. Tulimkuta anashusha mzigo wa majani kichwani, ameyatoa tambarare, jasho linamtiririka na baridi yote ile. Fomu yake ilisema ng'ombe mmoja, na mmoja alikuwepo, mkubwa, mwenye pembe moja iliyovunjika. Mapunda akapumua kidogo. "Huyu ni wako, mama?" akauliza, kwa kawaida tu, kama mtu anayesifia. Mama Firmini akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Ni wa Mzee Kimario," akasema. "Lakini ni wake kwa jina tu, baba. Anayelala kwangu ni wangu. Majani nakata mimi, samadi nazoa mimi, akizaa ni mimi ninayekesha. Mwenyewe anakuja kumwona sikukuu." Mungu wangu! Nilijipiga kofi la paji la uso mpaka Mama Firmini akashtuka. Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, nikakaa chini kwenye majani yake. Mapunda akadhani nimepata wazimu. "Mwalimu," nikasema, "ng'ombe wapo. Wapo wote. Nimewahesabu mara mbili!"

Ikabidi nimweleze mtu wa Songea, palepale migombani, jambo ambalo kwetu mtoto wa miaka mitano analijua. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Nafasi ni ndogo, majani ni shida, na macho ya watu ni makali. Anampa mmoja mjane, mmoja mpwa wake, mmoja rafiki wa ng'ambo ya mto. Mfugaji anapata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anapata ndama, na hakuna anayelitangaza. Ukimuuliza mwenyewe, "Una ng'ombe wangapi?" anakutajia wote, popote walipo, na hajadanganya. Ukimuuliza mfugaji, anakutajia aliye zizini kwake, maana hataki ionekane nyumba yake haina kitu, naye hajadanganya. Mjinga alikuwa mmoja tu, yule aliyeuliza. Na hilo ndilo lililoniuma na kunichekesha kwa pamoja, kwamba nilikua nikinywa maziwa ya ng'ombe ambaye hakuwa wetu, kila mtu nyumbani anajua ni wa nani, halafu nikaenda chuoni nikarudi na fomu, na fomu ikanisahaulisha. Mgeni angekosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa kujua sana, mpaka sikuona kwamba kuna swali. Mapunda alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya makwapa. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Sasa, Yustina, maziwa yanamfuata mwenye ng'ombe au mwenye zizi?" Nikasema, mwenye zizi. "Basi uliuliza swali la urithi," akasema. "Ulikuja kutafuta maziwa, ukauliza urithi."

Lakini tulikuwa tumemkosea Mzee Kimario, na bila kumalizana naye hakuna nyumba ambayo ingenifungulia tena. Habari ilikuwa imeshavuka makorongo mawili. Mama Firmini akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, akalifunga fundo, akanipa. Mapunda akauliza ni la nini. Nikamwambia kwetu ukimkosea mtu unamletea jani hili, na akilipokea yameisha. Akanyoosha mkono. "Lete hapa. Aliyemwita mwongo ni mimi." Nawaambieni, nimeona mengi, lakini sijaona kitu kama Mwalimu Mapunda na masweta yake mawili, amesimama mbele ya mlango wa Mzee Kimario, amelishika lile jani kwa mikono miwili kama padri. Mlango ukafunguka. Mzee akamwangalia, akaliangalia jani, akaniangalia mimi. "Umemfundisha wewe?" Nikasema, "Amejifunza mwenyewe, meku," kama tunavyowaita wazee wetu. Mzee akalipokea, akacheka kicheko kirefu cha kifuani, akamwita mwalimu ndani, na mbege ileile ikaletwa. Walimaliza kata mbili. Mapunda alishuka kwenda kwenye pikapu akinishika bega kwa sababu ya utelezi, au ndivyo alivyodai.

Njiani akanipa hukumu yangu. Ripoti ya kwanza haifai, ameitupa. Jopo la watahini lilikuwa limebakiza siku kumi na mbili. Nyumba tisini zote, upya. Nikishindwa, ninarudia mwaka, na chuo hakikuwa na nafasi ya kurudia, kwa hiyo nilijua maana yake. "Na usirudi na swali lilelile," akasema. Swali jipya nilikuwa nalo tayari, Mama Firmini ndiye aliyenipa bila kujua. Ng'ombe anaweza kuwa na wenyewe watatu, lakini analala mahali pamoja. Sikuuliza tena "una ng'ombe wangapi." Niliuliza, "Jana usiku walilala ng'ombe wangapi katika zizi hili?" Halafu, "Nani aliwakatia majani?" Ya wenyewe ni nani sikuuliza kabisa, na ajabu ni kwamba watu walilegea. Hakuna aliyelazimika kujigamba wala kuficha. Waume walioanza kujibu walinyamaza kwenye swali la majani, wakawaita wake zao, na wake zao wakaja wakifuta mikono, wakasema yote: lita ngapi asubuhi, ngapi jioni, nani anakunywa, ngapi zinapotea kwa kuganda. Kwenye fomu za kwanza wanawake walikuwa hawamo. Sasa walijaa.

Siku ya nne mvua ilinishika, homa ikanipata, na nilikuwa na nyumba hamsini na mbili bado. Aikande akatokea kanisani Uru na mwavuli na buti za kaka yake. Ripoti yake mwenyewe ilikuwa bado kurasa za mwisho. "Nipe nusu," akasema. Nikamuuliza ya kwake je? "Wanunuzi wa kahawa hawakimbii," akasema. "Nipe nusu kabla sijabadili mawazo, Mkatoliki wewe." Aliingia kwenye nyumba za Uru na sauti ile ya Machame, akasalimia wazee kwa heshima zote, akala kila alichopewa, na hakuruka hata nyumba moja. Kwa siku sita tulizimaliza. Tulijumlisha mezani kwetu mchana kutwa, kalkuleta moja ya jua ikiwa dirishani ili ipate mwanga, yeye akisoma mimi nikiandika, na kila ukurasa tulihesabu mara mbili. Jumla ilishuka. Ng'ombe walikuwa wachache kuliko nilivyoandika kwanza, lakini maziwa, jamani, maziwa sasa nilijua yalipo, nyumba kwa nyumba, na kwa nani.

Jopo lilikaa kwenye ukumbi mdogo: mkuu wa idara, Mapunda, na mtahini kutoka nje, bwana mmoja mnene mwenye suti ya rangi ya udongo. Mkuu wa idara hakuniangalia hata nilipomsalimia. Nilieleza kosa langu la kwanza kabla hawajaniuliza, lote, na jani la isale ndani. Kisha nikaeleza swali jipya, nikaonyesha hesabu. Mtahini alikuwa na daftari la kijani mbele yake. Akapitisha kidole taratibu, akatabasamu. "Binti, hata sasa hesabu yako hailingani na ya bwana mifugo. Umezidisha ng'ombe wanne. Utatuambia wamelala nyumba mbili hawa nao?" Mkuu wa idara akacheka. Nilifungua daftari langu dogo. "Tangu chanjo ipite," nikasema, "wamezaliwa ndama watano." Nikawataja, nyumba kwa nyumba. "Mmoja amenunuliwa mnada wa mwezi uliopita, yuko nyumba ya thelathini na moja. Hao ni sita wa kuongeza. Wawili wamechinjwa, mmoja harusi, mmoja ubatizo. Sita kutoa wawili, wanne." Mtahini akainua macho. "Na hao waliochinjwa, umejuaje kwamba ni kweli wamechinjwa? Uliambiwa tu." Nikamwambia, "Wa ubatizo nilikunywa supu yake, mzee. Wa harusi nilikuta ngozi imetandazwa juani."

Wa kwanza kucheka alikuwa mkuu wa idara, akashindwa kujizuia, akapiga meza. Mtahini akafunga daftari la kijani, akalisukuma pembeni. Mapunda peke yake hakucheka. Alisimama, akavua miwani, akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimewahi kuyaona bila vioo. "Zingelingana kabisa, Yustina," akasema, "ningekufukuza. Hakuna anayehesabu vitu vyenye uhai akapata sawasawa na mwenzake wa miezi miwili nyuma, isipokuwa aliyenakili." Kisha akachukua kalamu kwenye mfuko wa koti, akageuza ripoti yangu, akatia sahihi akiwa bado amesimama, akampa mkuu wa idara, naye akatia. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko nje kwenye ngazi, mlima umefunguka wote mweupe juu ya mabati ya chuo, na bila kufikiri nikapiga kigelegele, mimi mwenyewe, peke yangu, katikati ya chuo cha watu wenye heshima. Dirishani kwetu ghorofa ya pili Aikande, ambaye hakuwa amesikia neno lolote la matokeo, akatoa kichwa, akanipokea kwa kigelegele kirefu zaidi, na matroni chini akaitikia.